Abiria wa Begani

Benchi la Fatoumia lilivunjika asubuhi, mokari za kwanza zikiwa ndiyo kwanza zinatoka kwenye vikaango. Mokari ni vikate vya mchele na nazi, na mtaani Mahabibo, mjini Mahajanga, hakuna anayekubali kwamba kumekucha kabla hajala angalau kimoja. Ahamada alikuwa ameketi kwenye ncha ya benchi, mahali pake pa siku zote, kikombe cha chai mkononi. Hakujitupa wala hakujinyoosha. Ubao ulilia, ukapasuka katikati, na wateja wote wakajikuta mchangani pamoja na chai yao.

Fatoumia aliutazama ubao, kisha akamtazama Ahamada begani.

"Bwana wako anakula vizuri huko kwao," alisema.

"Si chakula," Ahamada alijibu, akijipangusa chai. "Chakula huja polepole. Huyu amenijia kwa mkupuo. Athoumani amekufa."

Fatoumia alimwombea marehemu, akafunga mokari kadhaa kwenye jani la mgomba ili Ahamada awapelekee wafiwa, na akawaambia wateja wengine waegemee ukuta. Mwishoni mwa mtaa Ahamada alikutana na Soulé, naye akija shingo upande, mkono mmoja kiunoni. Soulé alikuwa akinyoa ndevu uzito ulipomshukia, na kidevu chake kilikuwa na mkato mbichi. Hawakupeana habari. Walisalimiana tu, wakaongozana hadi nyumbani kwa Athoumani, ambako wanawake walikuwa wameanza kulia.

Zamani walikuwa wanne: Ahamada na Soulé mbele, Athoumani na Msaidié nyuma. Kazi yao ilikuwa kumbeba Bwana Vaubert kwenye filanjana, yaani kile kiti cha ngozi kilichofungwa kati ya mipiko miwili mirefu, ambacho wazungu wa serikali walisafiria mahali pasipopita gurudumu. Vazaha wengine, kama wazungu walivyoitwa huko, walikuwa na wabebaji wanane, wanne wakibeba na wanne wakipumzika kwa kukimbia kando. Bwana Vaubert alitosheka na wanne. Alisema miguu mingi hutimua vumbi.

Alifika kisiwa cha Nosy Be akiwa kijana mwembamba, ofisa mdogo wa serikali ya Kifaransa, akawachagua vijana wanne wa kimo kimoja, kama mtu anayechagua miguu ya meza. Walimpitisha kwenye mashamba ya miwa na ya milangilangi, wakampandisha milima na kumteremsha. Alipohamishiwa Mahajanga aliwachukua, pamoja na vitabu vyake na chandarua chake. Huko walimbeba bara, kijiji hadi kijiji, akahesabu vibanda vya watu ambao mara nyingi walikuwa wamekimbilia porini kabla hajafika. Ikawa miaka mingi. Ndevu zao ziliota chini ya mipiko ile, na mabega yao yakaota nundu ngumu zisizosikia hata moto wa sigara. Hilo Bwana Vaubert alilijua kwa kulijaribu.

Kazi ile ilikuwa na lugha yake. Ahamada, aliyeshika mbele kulia, alipoupiga mpiko kofi, wote wanne walirusha kiti na kukidaka kwa bega la pili bila kuvunja mwendo. Hiyo ilikuwa lugha ya wabebaji. Bwana Vaubert naye alikuwa na yake. Alipotaka mwendo uongezeke, alinyoosha mguu akampiga Ahamada kisigino cha kiatu nyuma ya bega. Hakusema neno. Katika miaka yote ile Ahamada hakumbuki kuambiwa neno lolote na Bwana Vaubert, ila kisigino alikizoea hata akawa anajua kama bwana amelala vizuri au vibaya.

Kisha motokaa ikashushwa melini ndani ya sanduku la mbao. Wabebaji waliambiwa asante, kiti kikatupwa bandani, na kuku wakaanza kutaga humo. Baada ya vita vile vikubwa vya Ulaya Bwana Vaubert alipewa mapumziko ya uzee, akapanda meli kurudi kwao Ufaransa. Uzito wake haukupanda meli.

Mwanzoni wote wanne walidhani ni uchovu, na uchovu wao ulikuwa na haki ya kuchelewa kuondoka. Lakini uzito ulizidi. Bwana alikuwa akinenepa. Jumapili mchana alilemea zaidi, kwa hiyo wakajua siku ya kuku. Mwaka mmoja aliugua, wakatembea wepesi wiki nzima, wakaona haya kufurahi. Kilichowaudhi kuliko vyote ni kwamba mwezi wa Ramadhani alikula mchana, juu ya mabega ya watu waliofunga. Msaidié alipokufa ndipo walipoujua utaratibu: anayekufa haondoki na fungu lake, huwaachia wenziwe. Sasa Athoumani naye alikuwa ameacha lake, na kila mmoja wa wawili waliobaki alibeba nusu ya mtu mnene.

Waliwahi kwenda ofisi ya serikali kulalamika. Karani aliwasikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu. Akawajibu kwamba Bwana Vaubert ameondoka nchini, jambo hilo linajulikana, na mtu aliyeondoka hana uzito. Wakamshukuru wakatoka, wakipita mlangoni kwa ubavu.

Baada ya maziko ya Athoumani, Ahamada alikwenda Tsaramandroso kumwona Tadjiddine, msaidizi wa daktari katika zahanati ndogo ya mtaa huo. Tadjiddine alikuwa amewahudumia askari waliorudi vitani bila miguu, na mambo ya viungo yalikuwa yamemkaa moyoni. Alimbonyeza Ahamada bega la kulia, kisha la kushoto, akanawa mikono.

"Kaka Ahamada, bega lako ni zima," alisema. "Ulio na mgeni ni ubongo wako. Kiungo ukikitumia sana, ubongo hukipa nafasi kubwa. Ukiacha kukitumia, nafasi ile haikai wazi, jirani huivamia. Wewe umembeba mtu huyu tangu ujana. Ubongo wako umemhesabu kuwa sehemu ya mwili. Una mikono miwili, miguu miwili, na Bwana Vaubert."

"Basi nikatwe."

"Wale askari walikatwa miguu, na mpaka leo wananiomba niwakune nyayo."

"Kwa hiyo hakuna dawa."

"Kilichoingia kwa kutumika hutoka kwa kutumika. Lifundishe bega kazi nyingine, na usichoke upesi."

Ahamada alikuwa amechoka siku nyingi kabla ya kuambiwa asichoke. Hata hivyo alikwenda bandarini akabeba magunia ya mchele na ngozi za ng'ombe zilizokauka. Bega likajifunza magunia, likajifunza na ngozi. Lakini halikumwacha Bwana Vaubert, bali alikaa juu ya gunia, na jioni gunia lilipotuliwa lenyewe nalo halikuondoka lote. Ahamada alipoona anakusanya mizigo badala ya kuipunguza, aliacha.

Angeweza kuishi hivyo. Watu huishi na mabaya zaidi, na Soulé alikuwa ameshakata tamaa bila makelele. Lakini Ahamada alikuwa na mama, na hapo ndipo penye kidonda.

Mama yake, Zalia, alizaliwa Nosy Komba na kuolewa Nosy Be, na alikuwa fundi wa kutarizi. Safari ya kwanza Ahamada alipokwenda kumwamkia baada ya Bwana Vaubert kurudi kwao, alimkuta mlangoni na kitambaa chake mapajani. "Kwezi, mama," alisema, kama mtoto yeyote wa Kikomoro anavyomwamkia mkubwa wake. Kabla ya kuitikia, Zalia alivuta shiromani yake kutoka mabegani akajifunika uso wote.

"Mbona, mwanangu," aliitikia kutoka ndani ya nguo, maana ndivyo kwezi inavyoitikiwa. "Umekuja na nani?"

"Nimekuja peke yangu."

"Usinidanganye, Ahamada. Kuna mwanamume amekaa juu yako."

Hakukasirika. Alikuwa tu mwanamke wa kiungwana wa umri wake, na wanawake wa namna hiyo hawakai uso wazi mbele ya mwanamume wa nje, seuze asiye mkwe wala jirani wala Mwislamu. Tangu siku hiyo, kila Ahamada alipokwenda Nosy Be, alizungumza na shiromani. Mikono ya mama aliiona, maana sindano haikupumzika. Aliiona ikikunjamana mwaka hadi mwaka, akawa anakisia uso kwa kutazama vidole. Jambo hilo lilimuuma kuliko uzito wenyewe. Alikuwa na mama aliye hai, na alikuwa ameusahau uso wake.

Miezi michache baada ya kifo cha Athoumani, baharia mmoja alileta salamu kutoka kwa Halimati, dada yake Ahamada aliyekaa na mama: mama hainuki tena. Ahamada alipanda meli ya posta iliyokuwa ikielekea kaskazini. Serangi alimtazama, akamwambia akae katikati ya sitaha, meli isilale upande.

Zalia alikuwa kitandani, ameelekea ukutani. Aliposikia hatua alijifunika.

"Umezidi kuwa mzito," alisema. "Kitanda kimetikisika."

"Athoumani amekufa, mama."

"Mungu amrehemu. Alikuwa na sauti nzuri." Akatafuta pumzi. Nyumbani kwao walizungumza Kikomoro kilichochanganyika na Kibuki cha watu wa huko, na Kiswahili cha mababu kilikuwa kimebaki kwenye dua na kwenye majina ya kamba za majahazi. Zalia alipotaka jambo lichukuliwe kwa uzito, alilianza kwa dua. Akaomba dua, kisha akasema, "Nikifa, nataka mbele kulia ushike wewe. Lakini unibebe wewe, Ahamada. Asinibebe yule."

"Nitajitahidi, mama."

"Na kabla ya hapo ningependa kukuona. Nami nimekusahau."

Ahamada alitoka nje akakaa chini ya upenu, akalia. Halimati alimwacha alie kidogo, kisha akamletea mtungi mtupu na ngata ya kitambaa.

"Nyinyi wanaume mna mabega mawili mnafikiri mwili umeishia hapo," alisema. "Sisi hatubebi begani. Huku juu yupo nani kwako?"

Ahamada alijigusa utosini. Hapakuwa na mtu.

"Basi twende kisimani."

Mtu mzima kujifunza kubeba kichwani ni kazi ya aibu. Wasichana waliokuja kuteka maji walimpisha kwa heshima, kisha wakacheka wakiwa nyuma yake. Wanaume waliokaa barazani pale mjini Andoany walimwuliza Halimati kama ndugu yake amepata mchumba. Mtungi wa kwanza ulivunjika mbele ya kisima, wa pili mlangoni. Shingo ilikakamaa, kichwa kikauma upande mmoja tu, na usingizini alikuwa akitembea juu ya nyuzi. Halimati alikwenda mbele yake na mtungi wake, akiongea juu ya bei ya samaki na ya kaniki, bila kugeuka nyuma. Alisema kugeuka nyuma humfanya mwanafunzi ajitazame, na anayejitazama hudondosha.

Siku moja, sijui ya ngapi, Ahamada alifika mlangoni na mtungi umejaa, akagundua kwamba njia nzima alikuwa peke yake. Mabega yalikuwa yameshuka. Hakuna mtu aliyekula, hakuna aliyepumua, hakuna aliyening'iniza mguu. Ubongo wake ulikuwa umeshughulishwa na maji, ukakosa nafasi ya Bwana Vaubert. Halimati alipomtua mtungi, bwana alirudi mahali pake, na hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi.

Kesho yake Ahamada aliingia chumbani kwa mama na mtungi kichwani. Kusimama hakukutosha, maana aliposimama bwana alianza kutua, mguu baada ya mguu. Kwa hiyo akawa anazunguka kitanda, ambacho Halimati alikuwa amekisogeza mbali na ukuta.

"Ahamada?" sauti ilitoka ndani ya shiromani.

"Labeka, mama."

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, maadamu natembea."

Zalia alisikiliza kwa muda. Alikuwa na masikio makali kuhusu wanaume. Kisha vidole vilishika pindo la nguo vikaivuta chini.

Uso ulikuwa mdogo kuliko Ahamada alivyokisia. Jino la mbele lilikuwa limeondoka, na lile baka jeusi juu ya nyusi, ambalo utotoni alikuwa akiligusa kila alipobebwa, lilikuwa bado lipo. Aliuzunguka uso huo akiutazama kwa pembe ya jicho, kwa sababu hakuweza kugeuza shingo. Zalia naye alimfuata kwa macho, akimpoteza kichwani mwa kitanda na kumpata tena miguuni.

"Una mvi kidevuni na hukuniambia," alisema.

"Ulikuwa umejifunika, mama."

"Na tumbo?"

"Tumbo ni langu mwenyewe. Lile jingine ni la bwana."

Zalia akacheka. Ahamada naye akacheka, na shingo inayocheka haishiki mtungi. Maji yalimwagika, vigae vikatawanyika, na kabla ya kigae cha mwisho kutulia, shiromani ilikuwa imerudi usoni na Bwana Vaubert begani. Halimati aliingia na ufagio. Alikuwa amesikia kicheko, na kicheko hicho kilikuwa na thamani kuliko mtungi.

Tangu siku hiyo walionana kila asubuhi kwa kadiri mtungi ulivyokubali kukaa. Walijifunza kutochekeshana. Zalia alimsimulia habari za ndugu waliokufa, na Ahamada alizunguka. Mama aliposimulia jambo la huzuni alipunguza sauti, kwa sababu machozi nayo humwaga maji. Ahamada hakuwahi kuinama kumbusu mkono. Kuinama na mtungi hakuwezekani, na kuinama bila mtungi ni kumwinamishia mama yake mwanamume wa nje. Alilipa jambo hilo kisogo, akaendelea kuzunguka.

Zalia alifariki alasiri moja, Ahamada akiwa njiani kutoka kisimani, mtungi kichwani, peke yake kabisa.

Fundi Ousséni, mwalimu wa madrasa, ndiye aliyesimamia maziko. Alimwita Ahamada pembeni, akamweleza kwa upole kwamba kubeba jeneza anaruhusiwa, hilo halina ubishi, lakini kushuka kaburini hapana. Anayeshuka kumpokea mwanamke ni jamaa yake wa karibu, na juu ya bega la Ahamada kuna mtu asiye jamaa. Isitoshe, ukingo ni wa mchanga na usingehimili. Atashuka Daoud, mjomba wa Ahamada. Ahamada aliona hukumu ni sawa.

Alishika mbele kulia, kama alivyoahidi. Jeneza lilipopandishwa, alingoja bega limwambie kitu. Bega halikumwambia kitu. Lilikuwa na kazi yake ya siku zote, na mama yake alikuwa ameongezwa juu kama kofia inavyoongezwa juu ya mtu. Ahamada akainamisha kichwa upande, polepole, mpaka ubao ukamgusa juu ya sikio.

Hapo alimpata. Alikuwa mwepesi, mwenye uzito wa mtu aliyeugua kwa muda mrefu bila kusumbua watu. Alimtambua mara moja. Alimbeba kwa pale padogo, juu ya sikio, katika ile sehemu ya mwili ambayo Halimati alimfundisha na ambayo haikuwahi kukaliwa. Watu walikuwa wakisoma tahlili, njia ilipanda kati ya milangilangi iliyopogolewa mifupi, na Ahamada alikuwa na furaha, naam, furaha, huku machozi yakimchuruzika. Aliona njia ni ndefu na akataka iwe ndefu zaidi.

Kisigino kikapiga.

Kilipiga nyuma ya bega, mara moja, kwa nguvu. Huko Ufaransa pengine bwana alikuwa akiota, au alikuwa akichelewa mahali. Hakuna aliyejua. Miguu ya Ahamada haikungoja kujua. Aliondoka mbio, na kwa kuwa jeneza haliwezi kwenda kwa kasi mbili, Daoud na wenzake nao waliondoka mbio. Msafara wote ukafuata mbio, wazee wameshika kofia zao, tahlili ikikatikakatika kwa kukosa pumzi. Penye kona mkono wa Ahamada uliupiga mpiko wa jeneza kofi, wenyewe, akalirusha na kulidaka kwa bega la kushoto. Daoud, ambaye hajawahi kumbeba vazaha yeyote, nusura aliachie.

Ubao ulikuwa umeondoka sikioni. Bega la kushoto lilikuwa na nusu ya Bwana Vaubert na basi. Ahamada alimtafuta mama yake kwa kichwa, upande huu na upande ule, lakini kwa kasi ile hakumpata tena, na kwa namna hiyo wakafika makaburini.

Waombolezaji walisimama wakihema. Hakuna aliyemlaumu. Fundi Ousséni alijifuta jasho kwa ncha ya kilemba.

"Jeneza huharakishwa," alisema. "Ndivyo tulivyofundishwa."

Ahamada alisimama mbali na ukingo akimwangalia Daoud akimpokea mama yake. Bwana Vaubert alikuwa ametulia, kama kawaida yake baada ya kufikishwa.

Arubaini ilipopita Ahamada alirudi Mahajanga. Fatoumia alikuwa ameweka benchi jipya, gogo zima la mkoko. Soulé aliketi ncha moja, Ahamada ncha ya pili, na wateja wengine katikati. Mambo yalikwenda hivyo kwa mwaka mmoja na zaidi.

Asubuhi moja, chai ikiwa nusu, uzito ulibadilika. Haukuongezeka wala haukupungua. Ulipoa, ukalegea, na ule mguu ambao sikuzote ulikuwa ukining'inia kwa kuchezacheza ukasimama. Ahamada alimtazama Soulé, Soulé naye ameshaweka kikombe chini.

"Amekufa," Soulé alisema.

Walingoja ashuke. Walimaliza chai wakingoja, Fatoumia akawamiminia nyingine bila kuombwa. Soulé aliinuka, akatikisa mabega, akaketi.

"Ameshuka?" Fatoumia aliuliza.

"Bado yupo."

"Basi sasa atakuwa mzito zaidi. Aliye hai hujiegemeza kidogo mwenyewe."

Tadjiddine alipoulizwa alisema jambo hilo si la ajabu. Mwenye uzito amekufa, lakini ubongo wa wabebaji haujaambiwa, na yeye hajui lugha ya kuuambia. Ahamada alimsikiliza, ila mawazo yake yalikuwa Nosy Be. Maiti haoni. Mbele ya mwanamume aliyekufa mama angeweza kukaa uso wazi, asubuhi hadi jioni, na yeye angeketi kando ya kitanda kama watoto wengine. Angeinama akambusu mkono. Bwana Vaubert alikuwa amechelewa kufa, na Ahamada alimchukia kwa hilo kuliko kwa miaka yote ya mipiko. Alishangaa kuona kwamba hajawahi kumchukia kabla ya siku hiyo. Hakuwa amepata nafasi.

Wiki kadhaa baadaye serikali iliwaita watu kwenye barabara ya juu ya bandari, ambayo ingepewa jina la marehemu. Bendera ilipandishwa nusu mlingoti. Ofisa mpya, kijana mwembamba, alisoma hotuba, na mkalimani akaigeuza Kibuki. Ilisema kwamba Bwana Vaubert aliipenda nchi hii, na kwamba aliitembea yote, kijiji kwa kijiji, mlima kwa mlima, bila kulalamika uchovu. Ahamada na Soulé walisimama nyuma, wameegemea ukuta, wakiwa naye. Waliokuwa karibu yao walisogea mbali nao kidogo ili wampe marehemu nafasi. Watu walipopiga makofi, nao walipiga.

Kisha wakaanza kurudi Mahabibo. Jua lilikuwa kali na hawakuwa na haraka. Ahamada alimwambia Soulé kwamba leo watakwenda taratibu, wapumzike penye kila kivuli, kwa sababu hakuna tena wa kuwapiga kisigino. Soulé alisema ni kweli, hata hakuwa amelifikiria. Walitembea taratibu mpaka panapoanza mteremko, mahali ambapo zamani, wakitoka bara na bwana ana njaa, kisigino kilikuwa hakikosi.

Hapo miguu yao iliongeza mwendo. Walitazamana, wakajaribu kuizuia, wakashindwa. Ahamada akalipiga kofi bega lake tupu, wote wawili wakahamishia mzigo kushoto kwa pamoja, na wakashuka mbio hadi mlangoni kwa Fatoumia, ambaye alikuwa ameshawawekea maji ya kunywa.